Minnesota, Mahali Gari Hulazwa Ndani ya Blanketi

Ukimtajia mkazi wa Nairobi neno gereji, mawazo yake hukimbilia moja kwa moja Kirinyaga Road, mahali ambapo wazee bado hupaita Grogan, penye mafundi wa ovaroli zilizolowa oili, nyundo zinazolia kutwa kucha na wauzaji vipuri wawezao kukupatia kioo cha upande cha gari lolote kabla hujamaliza kueleza unachotaka. Gereji ya nyumbani, yaani chumba cha kulaza gari, ni jambo ambalo wengi wetu twalijua kwa mbali. Mwenye uwezo hujenga kibanda cha mabati kando ya ua. Asiye nao huegesha chini ya mwembe na kumwomba askari wa usiku alitupie jicho. Gari likinyeshewa, litakauka. La zaidi ni lipi?

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jawabu la swali hilo laweza kumaliza jioni nzima. Hili ndilo jimbo linalojisifu kuwa na maziwa elfu kumi, na ambamo mto Mississippi, ule tuliofundishwa katika somo la jiografia, huanzia kama kijito ambacho mtoto huvuka kwa kukanyaga mawe. Kiangazi chake ni cha kupendeza. Lakini msomaji, usidanganyike na picha za kalenda. Tarehe 2 Februari 1996, katika kijiji cha Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri, na rekodi hiyo ya jimbo haijavunjwa. Katikati ya jiji la Minneapolis wamejenga madaraja ya vioo yanayounganisha jengo na jengo juu ya barabara, kilomita nyingi, kiasi kwamba mtu aweza kutoka ofisini, akala chamcha, akalipa bili na kurudi bila kunusa hewa ya nje. Binadamu wamejitengenezea ujia wao. Magari nayo yamejengewa gereji.

Nilifika huko mwishoni mwa Januari 2019 kumtembelea ndugu yangu, mwana wa mama mdogo, anayeishi na mkewe na watoto wawili katika mji wa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Wakenya ni wengi mtaani humo, na siku ya Jumapili si ajabu kusikia Ekegusii na Kiswahili katika duka moja la vyakula. Wengi wao hufanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Shemeji yangu ni mmoja wao. Zamu yake huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo giza la huko halijafikiria kuondoka, na pahali pake pa kazi hapana basi linalofika wakati huo.

"Shemeji," aliniambia usiku wa kwanza huku akinimiminia chai, "hapa gari likikataa kuwaka, si mimi peke yangu ninayechelewa. Kuna mwenzangu aliyekesha ambaye hawezi kuondoka hadi nifike, na kuna mzee wa miaka tisini anayengoja kuoshwa na kupewa dawa zake."

Na gari hukataa. Betri ya kawaida ya gari hufanya kazi kwa mchanganyiko wa madini ya risasi na asidi, na mchanganyiko huo huzubaa katika baridi. Joto likishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, betri huwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Wakati uo huo oili ndani ya injini huwa imekuwa nzito kama asali ya mizinga, kwa hivyo betri iliyodhoofika hutakiwa kuzungusha injini iliyo ngumu kuliko kawaida. Magurudumu nayo hupungua upepo kwa sababu hewa iliyo ndani husinyaa. Hata maji ya rejeta si maji tena, kwani huko huchanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda. Maji matupu yangeganda, yakatanuka na kupasua injini. Wenye magari ya umeme nao wasicheke. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitangaza mwaka wa 2019 kwamba katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, kipasha joto cha ndani kikiwashwa, gari la umeme hupoteza takriban asilimia 40 ya masafa liwezayo kwenda.

Watu wa pande hizo walianza kupambana na tatizo hili zamani. Mjini Grand Forks, jimbo jirani la North Dakota, mhandisi Andrew Freeman alibuni kifaa cha umeme cha kupasha injini joto usiku na kupata hataza yake mwaka wa 1949. Ndiyo sababu mpaka leo mgeni hushangaa kuona magari yenye waya na plagi zinazoning'inia mbele kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Lakini kupasha injini ni kutibu kiungo kimoja. Mwenye nyumba hupendelea kutibu chumba kizima.

Ndugu yangu alinunua nyumba yake na kukuta gereji iliyoshikamana nayo ikiwa gofu tu: nguzo za mbao, ubao mwembamba wa nje na misumari iliyochomoza. Wakati wa baridi misumari hiyo ilimea theluji vichwani kama uyoga. Waliishughulikia yeye na mkewe kwa Jumamosi za vuli moja, wakifundishwa na mzee jirani ambaye nitamtaja baadaye.

Kazi ya kwanza haikuhitaji hata senti. Mchana wa jua waliingia ndani, wakafunga milango, wakazima taa na kusimama kimya. Kila palipopenya mwanga palitiwa alama ya chaki, kwa maana penye upenyo wa mwanga baridi nayo haikosi njia. Alama zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia: pembeni mwa mlango mkubwa, chini yake, mahali ukuta unapokalia msingi, na kuzunguka mabomba yaendayo nyumbani. Mianya hiyo ilizibwa kwa gundi ya mpira na povu la kopo ambalo hufura likikauka. Mafundi wengi huiruka hatua hii na kukimbilia kununua vifaa vya bei ghali, nami naona ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Kisha ukaja wakati wa kuvisha ukuta blanketi. Mwanafunzi anayesoma fizikia atalielewa jambo hili haraka akikumbuka chupa ya chai, au kile kikapu kilichoshonewa vitambaa ambamo mama zetu huweka sufuria ya wali ukaiva bila moto. Si kikapu kinachotoa joto. Kinazuia tu lililomo lisitoroke. Ndani ya nafasi za kati ya nguzo hupachikwa matandiko ya nyuzi za kioo, laini kama pamba ila yenye kuwasha mwili vibaya, hivyo fundi huvaa glavu, miwani na barakoa. Nyuzi zenyewe si kitu. Kinachofanya kazi ni hewa iliyonaswa kati yake, kwani hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Ukiyashindilia matandiko hayo kwa nguvu ili yaingie mengi, umeifukuza hewa na umetupa fedha zako.

Wamarekani hupima uwezo huu kwa herufi R na nambari; nambari ikipanda, joto hupotea polepole zaidi. Ukuta wa mbao za inchi 2 kwa 4 huingia tandiko la R 13, na ule wa mbao za inchi 2 kwa 6 huingia R 19 au 21. Dari hupewa zaidi, 38 na kuendelea, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Juu ya nyuzi, upande wa ndani wenye joto, hutandazwa karatasi ya nailoni ili mvuke wa theluji inayoyeyuka usipenye hadi kwenye mbao na kuziozesha. Mwisho hupigiliwa bodi za jipsamu. Bodi hizo si za urembo. Upande unaopakana na nyumba hutakiwa ziwepo ili gari likishika moto familia ipate dakika za kutoka. Wanaotumia vibao vya povu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya, huhitaji bodi hizo hata zaidi, kwani povu likiungua hutoa moshi wenye sumu.

Mlango mkubwa ni hadithi nyingine. Mlango wa gereji ya magari mawili huwa na upana wa futi 16 na kimo cha futi 7, na ukiwa wa bati moja tu haukingi baridi hata kidogo. Mtu aweza kuhami kuta zote barabara, akauacha mlango huo, akawa kama mwenye koti zito lisilo na vifungo. Ndugu yangu alikata vibao vya povu na kuvipachika katika kila sehemu ya mlango, akabadilisha ukanda wa mpira wa chini uliokuwa umekauka na kupasuka. Hapo mzee jirani akamzuia. Mlango ulioongezewa uzito huhitaji springi yake irekebishwe, na springi hiyo iliyokazwa juu ya mlango ina nguvu za kuvunja mkono. Fundi mwenye ujuzi aliitwa. Aidha aliangalia yale macho mawili ya umeme yanayokaa karibu na sakafu, pande zote mbili, ambayo huufanya mlango urudi juu iwapo mtoto au paka atakatiza. Sheria ya Marekani imedai kinga ya namna hiyo kwa mitambo ya milango iliyotengenezwa tangu mwaka wa 1993, kwa sababu kabla ya hapo watoto walikufa wakibanwa.

Sasa nije kwa chumvi, maana hapa ndipo nilipojifunza kwamba joto nalo lina hila zake. Barabara za huko hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Katika Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, tani zaidi ya laki tatu humwagwa kwa mwaka, nayo idara ya mazingira ya jimbo huonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi hiyo chatosha kuchafua daima galoni 5 za maji. Gari hurudi nyumbani jioni likiwa limebeba chini yake madonge ya theluji chafu yenye chumvi. Likilala nje katika baridi kali, madonge yale huganda na kutu huenda mwendo wa kobe. Likiingizwa katika gereji yenye joto kama la jikoni, theluji huyeyuka, chumvi hupata maji na hewa, na kutu hufanya karamu usiku kucha. Watu wa Mombasa wanaoishi karibu na bahari hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hivyo mwenye busara hafanyi gereji yake kuwa sebule. Kipasha joto cha gesi cha ndugu yangu, kilichoning'inizwa darini na chenye bomba lake la kutolea moshi nje, huwekwa nyuzi 7 hivi, si zaidi. Kuning'inizwa huko kuna sababu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, ndiyo maana cheche ya kifaa chochote hutakiwa iwe angalau inchi 18 juu ya sakafu. Sakafu yenyewe ya saruji aliipaka rangi ngumu isiyopenyeza chumvi, na kila jioni mtoto wao mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, husukuma maji yote nje kwa mpini wenye ukanda wa mpira. Analipwa dola moja. Nilimwona akidai malimbikizo. Siku ambazo baridi hulegea, gari hupelekwa kuoshwa, hasa upande wa chini usioonekana, na foleni za hapo ni ndefu kama za unga wa bei nafuu.

Yote haya ni starehe ikilinganishwa na jambo la hewa. Sisi twajua kisa cha jiko la makaa: familia hufunga madirisha usiku wa baridi, huliingiza jiko chumbani, na asubuhi majirani huvunja mlango. Muuaji ni gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoiondoa oksijeni katika damu huku mtu akidhani ni usingizi wa kawaida. Moshi wa gari una gesi hiyo hiyo. Kadiri mtu anavyoziba mianya ya gereji yake kwa ustadi, ndivyo anavyojitengenezea chumba cha hatari ikiwa atawasha gari ndani yake na kulingoja lipate joto. Kuufungua mlango mkubwa hakutoshi, kwani gesi huchelea ndani na kupenyeza hadi vyumba vya kulala. Sheria ya Minnesota, iliyoanza kutumika kwa awamu kuanzia 2007, hutaka king'ora cha kugundua gesi hii kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Katika nyumba ya shemeji kuna vitatu, na mlango utokao gerejini kuingia nyumbani umefungwa ukanda wa mpira pande zote na hujifunga wenyewe. Gari likishawaka hutoka nje papo hapo. Kanuni hiyo haina mjadala, hata mvua ikinyesha mawe.

Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Januari kanuni zote zilipimwa. Redio zilikuwa zimeonya tangu mapema wiki hiyo. Shule zilifungwa. Shirika la posta, ambalo Wamarekani hujigamba kwamba halizuiwi na lolote, lilitangaza kuwa halitapeleka barua Minnesota siku hiyo. Kutokana na watu wengi kuwasha vipasha joto kwa pamoja, wateja wa gesi waliombwa wapunguze joto nyumbani hadi nyuzi 17 ili wote wapate. Ndugu yangu alitii, kisha akaenda mbele zaidi: akazima kabisa kipasha joto cha gereji. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kikionyesha nyuzi 6.

Nilikuwa na wasiwasi kuliko wenyeji. Saa kumi na moja alfajiri niliamka kumsindikiza shemeji. Nje ilikuwa nyuzi 33 chini ya sifuri, baridi ambayo ukivuta pumzi vinyweleo vya puani huganda na kuchoma. Gerejini, kwa blanketi la ukutani tu na joto kidogo lililovuja kutoka nyumbani, kipimajoto kilisoma nyuzi 1 chini ya sifuri. Nilikitazama mara mbili. Shemeji hakukitazama hata mara moja. Alibonyeza kitufe, mlango ukapanda, akaingia garini na kugeuza ufunguo. Injini ilikohoa kidogo ikaitika, naye akalirudisha gari nje mara moja, mvuke mweupe ukilifuata. Ng'ambo ya barabara, kijana mmoja aliyeegesha nje alikuwa ameinamia boneti akiwa na nyaya za kuazimia umeme mkononi, na hana wa kumwazima. Shemeji alisimama. Walipoondoka wote wawili ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, naye alifika kazini dakika tano kabla ya zamu.

Mzee jirani niliyemtaja ana gereji mbili. Ya pili imejitenga nyuma ya nyumba, nayo ni ya gari moja tu, Chevrolet ya mwaka wa 1957 ya rangi ya samawati ambayo haikanyagi barabara kuanzia Oktoba hadi Mei. Humo hakuna kipasha joto. Mzee anashikilia kwamba baridi kavu haidhuru gari lililopumzika. Kinachodhuru ni joto la kupanda na kushuka, kwani hewa yenye unyevu ikigusa chuma baridi hutoa jasho, na jasho ni kutu. Kuta zake amezihami ili mabadiliko yaende polepole. Tangi la petroli hujazwa pomoni na kutiwa dawa ya kuihifadhi, betri huunganishwa na chaja ndogo, magurudumu huongezwa upepo, kisha gari hufunikwa kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la nailoni halitaki kulisikia. Mwezi wa Juni hulipeleka katika uwanja wa maonyesho wa St. Paul, kwenye mkutano uitwao Back to the 50's, ambako hukusanyika magari zaidi ya elfu kumi, yote ya mwaka wa 1964 kurudi nyuma.

Nilimweleza kwamba hata sisi tuna siku yetu ya magari ya kale, Concours d'Elegance, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na kwamba Peugeot 504 iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 ina ndugu zake ambao bado wanabeba viazi huko milimani. Alifurahi mno. Akataka kujua wenye magari hayo huyahifadhi wapi bila gereji kama yake. Nikamwambia juu ya ua, mwembe na askari wa usiku.

Alifikiri kidogo, akiwa ameshika waya wa kusugulia sufuria aliokuwa akiuziba kwenye bomba la moshi la Chevrolet yake.

"Na panya je?" akauliza. "Huwa mnawazuiaje kujenga viota ndani ya injini?"

Nikamwambia tuna paka. Akacheka, akasema wake analala ndani, kitandani, kwa sababu ya baridi.